Kunde ya Chungu, Kunde ya Shamba

Kunde za kienyeji zinazopimwa kwa kibaba sokoni Pangani aghalabu hazina jina katika daftari lolote la serikali. Mnunuzi akizipeleka jikoni, ni chakula, na biashara hiyo haina neno. Akizipeleka shambani Bweni au Mwera mvua za vuli zinapokaribia, kunde zilezile za gunia lilelile zinageuka kuwa mbegu, na aliyeziuza anajikuta ndani ya biashara inayotakiwa kusajiliwa, kukaguliwa na kuwekewa lebo. Punje haikubadilika. Kilichobadilika ni nia ya aliyeinunua, na nia ni kitu kigumu kukikagua.

Biashara hiyo ni kongwe na ina taratibu zake. Anayetafuta mbegu hanunui kama anayetafuta mboga. Huuliza kunde zimetoka shamba la nani, zimevunwa msimu gani, ni za kutambaa au za kusimama, zinakomaa upesi au zinataka subira. Humwaga kiganjani kidogo, akazigeuza akitafuta zilizobunguliwa, kisha akaiuma moja kwa jino la mbele: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, bado ina maji na haitafika msimu ujao bila kuoza. Zikinunuliwa huchanganywa na majivu na kufungiwa katika chupa au galoni lililokuwa la mafuta ya kula, mahali pa kibuyu cha zamani. Kazi hii kwa kiasi kikubwa ni ya wanawake, na ndiyo sababu mojawapo ya kutoonekana kwake katika hesabu za kilimo.

Ukubwa wake si wa kubeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya taarifa 9,660 za wakulima wadogo katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulikuta kwamba asilimia 90 ya mbegu walizopanda zilitoka nje ya mfumo rasmi, na karibu asilimia 51 zilinunuliwa katika masoko ya kawaida. Tanzania haikuwamo katika nchi hizo sita, lakini yeyote aliyewahi kusimama katika duka la nafaka la pwani wiki moja kabla ya masika hatahitaji kuambiwa kwamba hali ni ya namna hiyo. Kanuni yoyote ya mbegu inayolitazama duka la pembejeo peke yake inaitazama sehemu ndogo ya mbegu zinazoingia ardhini.

Nchini Tanzania msingi wa kanuni hizo ni Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake za mwaka 2007 na marekebisho yaliyofuata. Msimamizi ni Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao makuu Morogoro. Ili mbegu iuzwe kama mbegu, yahitajika mambo mawili: aina yenyewe iwe imepitishwa kitaifa na kuingizwa katika orodha, na mbegu inayouzwa iwe imezalishwa na mtu aliyesajiliwa, katika shamba lililokaguliwa. Aina haipitishwi kabla ya kupandwa katika majaribio na kupimwa kwa vigezo vitatu: iwe tofauti na nyingine zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na sifa zake zidumu kizazi hadi kizazi. Juu ya hayo hupimwa pia kama ina faida ya mavuno au nyingine kuliko zilizokwisha kupitishwa.

Kigezo cha kufanana ndicho kinachozifungia nje mbegu za asili. Shamba la kunde za kienyeji halifanani. Baadhi ya miche huwahi kutoa maua, mingine huchelewa wiki mbili. Punje huchanganyika nyekundu, za maziwa na zenye madoa. Mkaguzi anaona uchafu. Mkulima anaona kinga: mvua zikikatika mapema, zilizowahi zinampa chakula, zikirefuka, zilizochelewa zinafidia. Mchanganyiko huo haukutokea kwa uzembe. Ulichaguliwa mkono kwa mkono, msimu baada ya msimu, na watu waliokuwa wakilima bila bima nyingine. Kuudai ufanane ni kuuomba uache kuwa ulivyo.

Neno lenyewe, "kienyeji", limebeba dharau na sifa kwa pamoja. Kuku wa kienyeji sokoni ana bei kuliko wa kizungu, na hakuna anayemcheka anayemtafuta. Mbegu ya kienyeji haijapata heshima hiyo. Katika mafunzo mengi ya kilimo ilitajwa kama kitu cha kuachwa, na mpunga kama Kula na Bwana au Shingo ya Mwali, unaosifiwa kwa harufu na ladha, ulitajwa kwa uchache wa mavuno yake.

Ipo njia ya katikati, nayo ni nzuri kadiri inavyofika. Ni mbegu za daraja la kuazimiwa. Mkulima mdogo husajiliwa, hupewa mafunzo, huzalisha mbegu katika eneo dogo, na huruhusiwa kuiuza ndani ya wilaya ilikozalishwa. Sehemu ya mashamba hukaguliwa na TOSCI, mengine na wakaguzi walioidhinishwa katika halmashauri. Kwa Pangani, wilaya iliyokatwa na mto, ambako gunia la mbegu kutoka ng'ambo hupanda kivuko kama abiria mwingine, kanuni ya kuuza ndani ya wilaya inaeleweka: muuzaji na mnunuzi wanajuana, na mbegu ikikataa kuota mlango wa kugonga unajulikana. Kasoro ni kwamba daraja hilo limewekwa kwa ajili ya aina zilizokwisha kupitishwa. Mkulima anaweza kuzalisha kwa njia hiyo kunde za Tumaini, Fahari au Vuli 1, zote zikiwa aina nzuri zilizotoka kwa watafiti. Kunde alizoachiwa na nyanya yake hawezi. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuhusu daraja hilihili, uliorekebishwa mwaka 2006, unazipa nafasi aina za wenyeji. Tanzania iliuchukua mfumo, nafasi hiyo ikabaki nje.

Mjadala wa mbegu nchini umechafuliwa mara nyingi na mchanganyo wa sheria mbili. Mbali ya Sheria ya Mbegu ipo Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea ya mwaka 2012, na Novemba 2015 Tanzania iliingia katika UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya. Zilipoenea habari kwamba mkulima atafungwa kwa kumpa jirani mbegu, wengi walidhani zinasemwa mbegu zote. Sheria ya wagunduzi inalinda aina mpya iliyosajiliwa na mwenyewe. Kunde ya bibi haina mgunduzi wa kudai ada. Kinachoizuia kuuzwa kwa jina lake ni Sheria ya Mbegu, ile ya zamani zaidi na isiyopigiwa kelele. Anayetaka mabadiliko na aelekeze kidole panapohusika.

Hata hivyo hofu iliyoizaa Sheria ya Mbegu haikuwa ya bure. Mbegu feki zipo. Mahindi ya kula yaliyopakwa rangi na kutiwa katika mfuko wa kampuni ni wizi unaomkuta mkulima wiki mbili baada ya kupanda, mvua ikiwa imekwishapita. Na lipo jambo zito kuliko wizi, ambalo mkoa wa Tanga unalijua kuliko mahali pengi duniani.

Mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mtaalamu H. H. Storey alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa muhogo unaoitwa leo michirizi ya kahawia. Ubaya wake ni unafiki. Shina linasimama, majani yana manjano kidogo ambayo mtu huweza kuyapuuza, na mkulima anaamini ana chakula ardhini. Siku anapong'oa na kuukata muhogo, ndani anakuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa, na muhogo wote wa kutupa. Ugonjwa huenezwa na inzi weupe, na pia na binadamu mwenyewe anapokata pingili kutoka shina lenye ugonjwa na kumpa au kumuuzia mwenzake. Kwa miongo mingi ulionekana kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini; mwaka 2004 ulizuka Uganda, mbali na bahari.

Hapa wanaotetea uhuru kamili wa mbegu wanapaswa kutulia kidogo. Punje ya kunde iliyokauka hubeba magonjwa machache, na ikikataa kuota hasara ni ya msimu mmoja wa mtu mmoja. Pingili ya muhogo ni kipande cha mmea mzima, pamoja na virusi vyake vyote. Mzigo mmoja wa pingili juu ya bodaboda kutoka kijiji kilichoambukizwa unaweza kukiharibia kijiji kizima. Kuziweka kunde na muhogo chini ya kifungu kimoja, kwa kuwa zote ni "mbegu za asili", ni kosa sawa na kuziweka chini ya kifungu kimoja kwa kuwa zote ni "mbegu". Kigezo kinachostahili kutangulia ni namna mmea unavyozaliana na unavyobeba ugonjwa.

Amani inatoa funzo jingine, la kushangaza kidogo. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1957 watafiti wa hapo, Storey, Nichols na baadaye Jennings, walichanganya muhogo na jamaa zake, ukiwemo mpira wa Ceará, ili kupata mihogo inayostahimili virusi. Baadhi ya vizazi hivyo vilitoka kituoni vikaingia mashambani, vikapoteza namba zao za maabara na kupewa majina ya watu. Muhogo uitwao Namikonga, unaolimwa kusini mwa Tanzania na kuhesabiwa kuwa wa kienyeji, ni uleule unaoitwa Kaleso katika pwani ya Kenya, na uliandikwa Amani kwa namba 46106/27. Mbegu ya asili, kumbe, ni ya maabara iliyosahau maabara.

Pangani yenyewe ina kisa cha namna hiyo. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Kati ya 1,000 iliyosafirishwa, 62 ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga yalichipuka kutoka katika miche hiyo michache ya kigeni, ambayo hakuna taasisi iliyoikagua. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika. Kwa hiyo sheria itakayojaribu kueleza "asili" kwa damu na ukoo itapotea njia. Maelezo yanayotosha ni mepesi: aina inayozalishwa na wakulima wa mahali fulani kwa vizazi, inayojulikana hapo kwa jina, na isiyomilikiwa na mtu yeyote.

Nchi nyingine zimekwishapita barabara hii, baadhi kwa kujikwaa. Ulaya ilitoa maelekezo mwaka 2008 kwa mazao ya shambani na mwaka 2009 kwa mboga, yakiruhusu mbegu za "aina za kuhifadhiwa", yaani za zamani zilizo hatarini kupotea, zisajiliwe kwa masharti mepesi. Lakini ruhusa ilifungwa kamba: mbegu izalishwe na kuuzwa katika eneo ilikotokea, na kiasi cha kila aina kisizidi asilimia 0.5 ya mbegu zote za zao hilo nchini, kwa baadhi ya mazao asilimia 0.3, au kiasi cha kutosha hekta 100. Ni kama kumruhusu mgonjwa ale, ila asishibe: mbegu inayotakiwa isipotee inazuiwa kuenea. Chama cha Kokopelli cha Ufaransa, kilichokuwa kikiuza mbegu za zamani bila kuzisajili, kilishitakiwa na kampuni ya mbegu, na Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba masharti hayo ni halali. Miaka sita baadaye Ulaya yenyewe ililegeza. Kanuni ya kilimo hai ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaruhusu mbegu mchanganyiko zisizofanana ziuzwe kwa mzalishaji kutoa taarifa kwa mamlaka. Mamlaka ikikaa kimya miezi mitatu, taarifa imepokelewa. Hilo ndilo la kuigwa: mkulima anaarifu, haombi.

India ilitangulia mapema zaidi. Sheria yake ya mwaka 2001 inampa mkulima haki ya kuhifadhi, kupanda, kubadilishana na kuuza mbegu zake, hata za aina iliyolindwa, mradi asiziuze katika mfuko wenye jina la biashara. Kenya ilikwenda upande mwingine. Sheria yake ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa anayeuza mbegu zisizosajiliwa. Wakulima wadogo 15 walifungua kesi mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu huko Machakos ilitamka kwamba vifungu vilivyowabana wakulima kupeana na kuuziana mbegu ni kinyume cha Katiba. Majirani wa Tanga wamepata jibu kwa jaji. Tanga inaweza kulipata kwa kalamu ya waziri.

Tanzania tayari ina mwanzo wa hoja hiyo. Imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, ulioanza kutumika Juni 2004, ambao kifungu chake cha 9 kinazungumzia haki za wakulima, ikiwemo kuuza mbegu waliyojiwekea, kwa kufuata sheria za nchi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoiacha kazi yote mikononi mwa sheria za nchi. Pia mlango rasmi umekwishathibitika kwamba unapitika: mwaka 2011 aina za mchicha, Madiira 1 na Madiira 2, na za mnafu, Nduruma na Olevolosi, zilipitishwa kutokana na kazi ya kituo cha mboga cha kimataifa kilichoko Arusha. Lakini zilipita zikiwa zimechaguliwa na kusafishwa na watafiti wenye fedha na wakati. Mkulima wa Kipumbwi hana vyote viwili.

Kanuni inayofaa kwa pwani ingeanza na orodha ya wilaya. Mkulima au kikundi kinafika kwa afisa kilimo na kuandikisha jina la mbegu kama linavyoitwa kijijini, sura ya punje, muda wa kukomaa, na kijiji ilikotoka. Hakuna majaribio ya kufanana. Mfuko unaouzwa unakuwa na karatasi yenye mambo manne: jina, kijiji, mwezi wa mavuno, na kiasi cha kuota. Kipimo cha kuota hakihitaji maabara ya Morogoro. Punje 100 hupangwa juu ya kitambaa kibichi, hukunjwa, huwekwa kivulini, na baada ya siku saba zilizoota huhesabiwa. Anayeandika 85 wakati zimeota 40 amesema uongo, na hapo adhabu ina mahali pa kushika. Leo adhabu inamngoja asiyejisajili, awe mkweli au mwongo.

Kwa kunde, choroko na mpunga, mimea inayojichavusha yenyewe, hayo yanatosha. Mahindi ni shughuli nyingine, kwa sababu chavua yake husafiri na upepo, na shamba la mbegu hutakiwa kuwa mbali na mahindi mengine mita 200 au zaidi; katika mashamba ya robo eka yaliyobanana hilo halipatikani, basi karatasi iseme wazi kwamba mahindi haya yamechanganyika. Muhogo uwe na masharti makali: pasiuzwe pingili bila mkaguzi kulipita shamba. Ila mkaguzi aulizwe swali moja tu, kama shamba lina ugonjwa. Ukaguzi wa ugonjwa na usajili wa jina ni mambo mawili, na kwa sasa mkulima mwenye muhogo safi usio na jina rasmi hana wa kumkagulia, hivyo anauza bila ukaguzi. Sheria iliyokusudia kuzuia ugonjwa inaachia upenyo hapohapo.

Watakaopinga watasema orodha itamfungulia mtu wa nje mlango wa kuja kuzichukua mbegu hizo na kuzifanya zake. Ukweli umekaa kinyume. Aina haiwezi kulindwa kama mpya ikiwa haitofautiani na iliyokwisha kujulikana, na kujulikana huthibitishwa kwa maandishi. Kunde isiyoandikwa popote ndiyo rahisi kubatizwa jina jingine. Benki ya mbegu ya taifa iliyoko Arusha, sasa chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inahifadhi sampuli, na nakala ya orodha ya kila wilaya ipelekwe huko pamoja na kiganja cha mbegu yenyewe. Benki, hata hivyo, ni jokofu. Mbegu iliyomo ndani yake haijifunzi tena mvua za Pangani wala kuota katika chumvi ya mashamba ya karibu na mdomo wa mto. Kinachoiweka mbegu hai ni mnunuzi, na mnunuzi hupatikana palipo na ruhusa ya kuuza.

Kanuni za mbegu hutungwa na waziri wa kilimo. Wizara iongeze katika daraja la kuazimiwa kifungu cha aina za wenyeji zilizoandikishwa wilayani, ianze na kunde, choroko na mpunga, na muhogo ufuate pale halmashauri itakapokuwa na wakaguzi wa kutosha kwa pande zote mbili za mto.